Kuipima Lenzi ya 50 Ukiwa Nyayo Highrise

Ukionyeshwa picha ya mtu wa Kibera, usianze na uso. Anza na maghorofa yaliyo nyuma yake. Kuna picha moja ambayo wapiga picha hawachoki nayo: paa za mabati yenye kutu mbele, maghorofa ya Nyayo Highrise yamesogea mpaka yanataka kuzilalia. Hiyo hupigwa kutoka mbali kwa lenzi ndefu, na nafasi yote iliyo katikati humezwa. Lenzi pana nayo, ukiiingiza kichochoroni, humvimbisha mtu pua na kuyafanya maghorofa yawe kama viberiti.

Milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili haina uchawi. Sura ya picha huletwa na mahali uliposimama. 50 inakulazimisha tu utembee. (Mwenye sensa ndogo atafute 35, mwenye simu abofye 2x.) Ukiishika kamera wima na kumchukua mtu kuanzia kiunoni, utakuwa kama mita moja na nusu kutoka kwake, umbali wa kusalimiana. Hapo huwezi kumpiga mama mandazi bila yeye kujua, na macho yake yatasema kama uliomba. Alama nyingi mimi huzitoa hapo. Ule ukungu wa f/1.8 unaosifiwa madukani naupa chache: nyuma kukiyeyuka kote, picha ingeweza kupigwa popote. Kwa f/5.6 karai, mlango na mabati bado vinasomeka.

Lenzi yenyewe, hasa ya mitumba, imulike kwa tochi ya simu. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzinyuzi za kuvu, mrudishie mwenyewe. Zungusha pete ya fokasi, isikwamekwame. Kisha kasimame mkabala na ghorofa mojawapo la Highrise, kamera ikiwa sambamba na ukuta, upige f/1.8 halafu f/5.6. Safu za madirisha hazifichi kitu. Je, mstari wa juu umepinda ukingoni? Nguo zilizoanikwa pembeni unaweza kuzihesabu? Kwa f/1.8 pembe zikilegea kidogo, samehe. Lakini kwa f/5.6, kama kushoto kuko wazi na kulia kumefifia, kuna kioo cha ndani kilichokaa upande. Hiyo usiichukue hata ukipunguziwa bei nusu.