Mpira Unaokubali Kubanwa

Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, inauza kila kitu: omena wakavu kutoka Majanji na Port Victoria, mitumba, saruji ya Tororo, mahindi yanayovuka mpaka kwa malori na kwa baiskeli. Lakini mtu akipoteza pete ya mpira inayokaa chini ya kifuniko cha chombo chake, anaweza kuzunguka soko zima asiipate. Muuza vyombo atamwambia anunue chombo kipya. Muuza spea atamuuliza ni ya gari gani. Mwishowe ataelekezwa kwa mtu wa pancha.

Mzee ninayetaka kumsifu ana kibanda kando ya njia ya kwenda Sikuda, upande wa Uganda. Alama yake ni ile ya mafundi wote wa pancha: tairi kuukuu lililosimamishwa kando ya barabara, na karai la maji yaliyokwisha kuwa meusi. Kazi inayomlisha ni kuziba tyubu za bodaboda. Hii nyingine ya kukata washa na oringi, yaani pete za mpira za kuzibia, kwa vyombo vya watu huifanya katikati ya pancha moja na nyingine, nami nadhani ndiyo aipendayo zaidi, maana pancha huziba akizungumza, lakini akikata pete hunyamaza.

Wateja wake ni wa namna nyingi. Yuko mama mwenye chupa ya chai inayotiririsha kifuani kila ikimiminwa. Yuko mchimba dhahabu kutoka Tiira ambaye pampu yake ya kutoa maji shimoni inavuta hewa badala ya maji. Yuko mvuvi anayetaka kiberiti kisilowe ziwani. Na wapo vijana wa bodaboda wenye vikopo vidogo vya kutunzia vitu visivyotakiwa kuguswa na mvua.

Kijana mmoja wa namna hiyo alileta kichupa cha alumini, urefu wa kidole gumba, chenye kifuniko cha kuzungusha na kitundu cha kupitishia pete ya funguo. Ndani yake huweka noti zilizokunjwa na simkadi, ya Kenya akiwa huku na ya Uganda akiwa kule. Vichupa kama hivyo vimeenea duniani kwa sababu nyingine kabisa. Mwezi Mei mwaka 2000, mara tu serikali ya Marekani ilipoacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia, mtu mmoja wa Oregon aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo porini na kutangaza mahali ilipo kwa vipimo vya setilaiti ili wengine waitafute. Tangu hapo mamilioni ya watu wameucheza mchezo huo, na vyombo vinavyofichwa vimepungua ukubwa hadi kufikia kichupa kama cha kijana huyu, chenye karatasi ya kutia saini ndani yake. Mvua ikiingia, karatasi inageuka uji na mchezo umekwisha. Kwa hiyo shida ya kijana wa Busia na ya mtembezi wa msitu wa Oregon ni ile ile: pete ya mpira yenye upana wa ukucha wa mtoto imekufa, na kiwanda kilichoitengeneza hakiuzi nyingine.

Kijana alisema, “Mzee, shikamoo. Hiki kinaingiza maji.”

“Marahaba. Kilete.”

Mzee hakugusa mpira wowote kwanza. Alifungua kifuniko, akapitisha kitambaa kikavu kwenye mfereji inamokaa pete, kisha akapitisha ukucha polepole kuuzunguka wote. Alikuwa akitafuta mkwaruzo. Chuma kikikwaruzwa kwa kukatisha mfereji, maji yatapita chini ya mpira hata mpira uwe mzuri namna gani, na watu wengi hulaumu pete kwa kosa la chuma. Alipopata chembe ndogo ya kutu ya funguo imeganda pale, aliing’oa kwa kijiti. Halafu akachukua njiti ya kiberiti, akaichomeka ndani ya mfereji, akatia alama kwa ukucha mahali ulipoishia ukingo. Kipimo chake kilikuwa kimekamilika. Rula anayo, imening’inia ukutani, lakini kwa vitu vidogo hivi anaiamini njiti.

Sababu ya kupima kina ni kwamba pete ya mpira haizibi kwa kujaza nafasi. Huziba kwa kubanwa. Lazima ichomoze kidogo juu ya mfereji ili kifuniko kiiminye, nayo isukume kurudi. Wahandisi huweka kiasi hicho kati ya sehemu ya tano na ya nne ya unene: pete ya milimita mbili ibanwe ibaki kama moja na nusu au zaidi kidogo. Ikibanwa pungufu, maji yanapata mlango. Ikibanwa kupita kiasi, mpira unachoka, unabaki bapa, na siku kifuniko kikilegea hata nusu mzunguko haufuati tena. Mzee hasemi hesabu hiyo. Husema, “Ikikubali kubanwa bila kulia, hiyo ndiyo.” Kulia anakokusudia ni ule mlio mkavu wa mpira uliozidi, ambao husikika kifuniko kinapokazwa.

Kisha ndipo alipofungua debe lake. Ndani mna vipande vya tyubu za kila aina, na kuchagua kati yao ndiko kunakonifanya nimheshimu kuliko hata mkono wake wa kukata. Mpaka huu una utajiri wa tyubu kuukuu. Bodaboda za baiskeli zilizaliwa hapa, miaka ya sitini, zikibeba abiria na mizigo kati ya kituo cha mpaka cha nchi moja na cha nyingine. Baadaye watu wenye ulemavu wa miguu wakajenga biashara yao wenyewe ya kuvusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, na Busia ikajulikana kwa hilo. Magurudumu yote hayo huacha mpira nyuma yake.

Lakini mpira si mmoja. Tyubu nyingi za magari na pikipiki ni za butili, mpira wa viwandani uliogunduliwa Marekani mwaka 1937, ambao sifa yake kubwa ni kushikilia hewa isipenye. Tyubu nyingine, hasa za baiskeli za bei nafuu, zina mpira wa asili, ule wa utomvu wa mti. Mzee huzitofautisha kwa kuvuta na kuachia. Mpira wa asili hurudi kwa nguvu na kupiga kidole. Butili hurudi taratibu, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Wa asili una uhai zaidi, lakini jua la mchana na hewa yenyewe huutia nyufa upesi, hasa ukikaa umevutwa. Butili ni mvivu lakini hustahimili jua. Kwa kichupa kitakachoning’inia kwenye funguo za pikipiki mchana kutwa, alichagua butili, kipande cha tyubu ya pikipiki. Alikikunja katikati na kukitazama mgongoni kwa mwanga wa mlango. Nyufa ndogo kama zingekuwapo zingejionyesha hapo, zimekatisha mkunjo. Hazikuwapo.

Jambo hili la mpira kurudi upesi au kuchelewa si dogo. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Challenger kilipasuka na watu saba wakafa, kwa sababu oringi za roketi zake zilikuwa zimekakamaa kwa baridi ya asubuhi ile na hazikuwahi kuziba. Mwanafizikia Richard Feynman alilionyesha hilo mbele ya tume iliyochunguza ajali hiyo kwa kubana kipande cha mpira huo, kukizamisha kwenye glasi ya maji ya barafu, kisha kukiachia ili wote waone kinavyochelewa kurudi. Ni jaribio lile lile la vidole viwili ninalomwona mzee akilifanya kila siku.

Kijana alikuwa amependekeza mpira wa vali, ule mrija mwembamba unaovishwa kwenye vali ya baiskeli. Ukikatwa vipande unatoa vipete vizuri sana, na wengi huutumia. Mzee alikataa. Mrija ule ni mwembamba mno kwa shingo ya kichupa hiki: ungelazimika kuvutwa zaidi ya mara mbili ya upana wake, na mpira uliovutwa hupungua unene na hupasuka jua likiupata. “Pete ikae, isining’inie,” alisema. Pete inatakiwa iingie kwenye mfereji kwa kuvutwa kidogo tu, kiasi cha kutodondoka.

Zana za kukatia ametengeneza mwenyewe. Ni miguu ya miavuli ya kukunja, ile mirija ya chuma inayoingiana, iliyokatwa vipande vifupi na kunolewa mdomo. Kwa pete ndogo zaidi anazo antena za redio, zinazoingiana vivyo hivyo. Mirija miwili inayofuatana hukaribiana mno, ingetoa pete nyembamba kama uzi, kwa hiyo huruka mmoja: hutumia wa kwanza na wa tatu. Na hapa kuna jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa. Mrija mdogo, unaotoboa tundu, ameunoa kwa ndani. Mrija mkubwa, unaokata ukingo wa nje, ameunoa kwa nje. Upande wenye mteremko ndio unaosukuma mpira na kuupinda, na upande ulionyooka ndio unaoacha ukuta safi. Kwa kunoa hivyo, pete inayobaki kati ya mirija miwili ina kuta zilizonyooka pande zote mbili, na uchafu wote wa mkato unaangukia kwenye mabaki. Hakuna aliyemfundisha kwa kitabu. Alisema aliona pete zake za zamani zinavuja upande mmoja, akatafuta sababu mpaka akaipata.

Aliweka mpira juu ya kipande cha mvule, upande wa kichwa cha mti ambako nyuzi husimama wima na chuma hakitelezi. Akalowesha mdomo wa mrija kwa maji ya sabuni. Pigo moja la nyundo. Hakuung’oa mrija mdogo. Aliuacha umesimama ndani ya mpira, akauvisha ule mkubwa kwa juu, akapiga tena mara moja. Kwa njia hiyo tundu na ukingo havipishani katikati. Pete ilitoka imenasa ndani, akaisukuma kwa msumari butu.

Kwa vyombo vikubwa, kama kifuniko cha ndoo, mirija haifai. Huko hukata ukanda mrefu, huukata ncha zake kwa mshazari ili zilaliane, na kuziunganisha kwa gundi kali. Kiungo kilichokatwa wima hufunguka kikivutwa. Cha mshazari kina eneo kubwa la kushikana.

Kijana alitoa kikopo cha mafuta ya kujipaka akitaka kuilainisha pete. Mzee alimzuia mkono. Mafuta yanayotokana na petroli, pamoja na grisi ya kawaida, huvimbisha mpira wa asili na butili pia, na kuulegeza polepole. Kila fundi mzuri wa breki anajua kwamba raba za breki haziogeshwi kwa petroli. Mzee hutumia tone la mafuta ya mbarika, na hakosei: mafuta ya breki ya zamani yalitengenezwa kwa mbarika na alkoholi kwa sababu hayaudhuru mpira.

Yako mambo anayoyakataa, na katika kukataa kwake naona ufundi uleule. Hakati pete ya sufuria ya presha, kwa kuwa tyubu hutia harufu chakulani na joto la mvuke si lake. Humwambia mama atafute ya silikoni, hata kama ni kuagiza Kampala, soko la Kisekka, au Nairobi, barabara ya Kirinyaga. Hagusi pia mpira wa pampu za visima vya vijijini, hizi za mkono zilizoenea Uganda kwa jina la U2 na U3. Ule una umbo la kikombe na hufinyangwa kiwandani. Kipande cha tyubu kitapandisha maji wiki moja na kuwaacha watu wakipampu hewa. Kwa hilo huwaelekeza kwa mafundi wa visima wa wilaya.

Kichupa kilijaribiwa kwa maji ya moto. Mama wa chai wa jirani alimimina kikombe kimoja, mzee akaweka kipande cha gazeti ndani ya kichupa, akakifunga na kukizamisha. Joto hutanua hewa iliyofungiwa, na kama kuna njia, povu litaionyesha. Watu wengi hujaribu kwa maji baridi na kuridhika, lakini mvua ya Busia huja baada ya jua: chuma kimepata moto tangu asubuhi, kisha kinapozwa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia mwanya wowote. Jaribio la moto ndilo lenye ukweli wa hali ya hewa ya hapa. Povu moja lilitoka kwenye nyuzi za kifuniko, hewa iliyokuwa imenasa nje ya pete. Mzee alisubiri. Halikufuata la pili.

Alimdai shilingi mia tano za Uganda. Kijana alikuwa na za Kenya, wakabadilishana kwa bei ya siku hiyo bila kuandika popote. Kisha mzee akarudi kwenye mvule, akakata pete nyingine mbili kutoka kipande kilekile cha tyubu, akamwambia azitie ndani ya kichupa pamoja na simkadi, mbali na jua, na aibadilishe ile ya kwanza kabla ya mvua za Machi hata kama itaonekana bado nzima.