Mzee Mrimba hakuuza kisiwa

Katika historia ya Kilwa kuna jambo moja ambalo wengi wetu tunalikumbuka hata tukiwa tumesahau mengine yote: Mshirazi alikuja na vyombo vyake, akanunua kisiwa kwa nguo. Basi. Mwenye kisiwa akaondoka, mji ukaanza. Nimesoma simulizi hii katika matoleo yake matatu, nikayaweka ubavu kwa ubavu, na hoja yangu leo ni fupi: hiyo bei ni neno la mnunuzi. Katika toleo la Kiswahili, nguo zina kazi nyingine kabisa.

Kwanza tujue matoleo yenyewe yametufikiaje, maana kila moja limepita mikononi mwa mkusanyaji. La kwanza liko ndani ya kitabu cha Mreno João de Barros, kilichotoka Lisbon mwaka 1552. Barros hakuwahi kukanyaga Kilwa. Alikaa Lisbon akikusanya habari za nchi ambazo meli za mfalme wake zilikuwa zimezifikia, na kuziteka pia, na tarehe ya wafalme wa Kilwa ikawa mojawapo. La pili ni la Kiarabu, Kitab al-Sulwa. Nakala tuliyonayo iliandikwa Unguja mwaka 1877, ikamfikia balozi wa Uingereza, John Kirk, naye akaipeleka British Museum mwaka 1883. Arthur Strong akaichapisha mwaka 1895. La tatu ni la Kiswahili, nalo lilichapishwa na Carl Velten mjini Berlin mwaka 1907, katika Prosa und Poesie der Suaheli. Huyu Velten aliwahi kuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani huku kwetu.

Kwa hiyo hadithi moja ya pwani yetu ina makabati matatu: Lisbon, London, Berlin. Hebu tuone kila kabati limehifadhi nini.

Toleo la Kiarabu linazungumza kama mtu mwenye hati mkononi. Wageni wanafika, wanamkuta Mwislamu mmoja na watu wake, tena kuna msikiti. Wanauliza kisiwa ni cha nani. Wanaambiwa kina mfalme kafiri, amevuka kwenda bara kuwinda. Mfalme anarudi, Mwislamu yule anakuwa mkalimani, bei inakubaliwa: nguo za rangi za kutosha kukizunguka kisiwa. Mfalme anapokea nguo zake na kuondoka, huku moyoni amekusudia kurudi na kuwaua. Wageni wanaonywa, wanachimba ule mkono wa bahari ambao watu walikuwa wakiuvuka maji yakipwa. Mlango unafungwa. Angalia mpangilio wake: kwanza bei halali, halafu hila ya muuzaji, mwishoni mnunuzi anajilinda. Ukimaliza kusoma huna deni na mtu. Na yule mfalme, aliyetoa kisiwa kizima, hapewi jina. Barros naye amebeba habari hiyohiyo ya kisiwa kununuliwa kwa nguo.

Sasa njoo kwa la Kiswahili. Hapa mwenye nchi ana jina: Mzee Mrimba. Ana kabila pia: ni Mmachinga, na asili yake ni Ruvuma. (Wamachinga wa mkoa huu wa Lindi, ambao jina lao leo Tanzania nzima imeligeuza kuwa la mchuuzi wa barabarani. Yaani mtu ambaye hadithi inamfanya muuzaji wa kisiwa ni machinga. Mtu angetunga hivyo tungesema amezidisha.) Kabla yake wametajwa wengine waliojenga, kwa hiyo hakuna wazo la kisiwa kitupu kinachomngoja Mshirazi. Sultani Ali anafika, anaomba mahali pa kukaa, anapewa. Anatoa zawadi. Anamwoa binti wa Mrimba. Hapo sasa, kupitia kwa mke wake, anapeleka ujumbe kwa baba mkwe: haifai mimi na wewe kukaa mahali pamoja, tuna heshima ya ukwe, afadhali wewe uhamie bara. Mzee anakubali, lakini anataka zitandazwe nguo kutoka kisiwani mpaka bara, apite juu yake.

Soma hapo tena taratibu. Anayetaka kupita juu ya nguo hapokei malipo. Anadai heshima. Pwani nzima mtu anajua maana ya kutandikiwa nguo apite. Mzee anahama kama mkwe anayestahiwa, na nadhani aliyeisimulia hadithi hii alitaka tuione tofauti hiyo. Maana mbele kidogo, baada ya Ali kusoma Kurani na kutoa sadaka ili maji yasipwe na mkwewe asivuke kwa vita, binti anazaa mtoto wa kiume. Mtoto anakua, anakwenda kumtembelea babu yake bara, na babu anamkabidhi mamlaka. Hapo ndipo utawala unapohama kwa haki: kwa damu, kupitia kwa mama. Kama kisiwa kilikuwa kimekwisha kuuzwa, babu alikuwa na nini cha kumkabidhi mjukuu?

Toleo hili nalo lina deni lake. Binti yule, ambaye kila kitu kimepita kwake, ujumbe, ndoa na urithi, jina lake halitajwi.

Najiuliza kwa nini tumeshika la bei tukaliacha la mkwe. Nadhani ni kwa sababu hadithi ya bei halali ndiyo hadithi ambayo kila mkusanyaji huisimulia, na tumeizoea masikioni. Lord Elgin alipobandua sanamu za Parthenon kule Athens kuanzia mwaka 1801, naye alisema alikuwa na ruhusa. Ruhusa ya nani? Ya Waturuki waliokuwa wakiitawala nchi. Mwaka 1816 Bunge la Uingereza likazinunua kwa pauni 35,000, na bei ikakamilisha uhalali. Wagiriki katika mauzo hayo walikuwa kama yule mfalme wa Kitab al-Sulwa: wapo, ila hawana jina.

Kuna kitu kimoja tu cha Kilwa ambacho, kwa maoni yangu, kinasema ukweli wote kuhusu kilivyopatikana. Ni monstransi ya Belém, chombo cha dhahabu cha kuonyeshea Ekaristi, kilichotengenezwa mwaka 1506 na leo kiko makumbusho ya Lisbon. Kimeandikwa kwamba Mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya utii ya Kilwa. Kodi hiyo Vasco da Gama aliitoza kwa vitisho mwaka 1502. Miaka mitatu baadaye Almeida akaupora mji wenyewe. Maandishi yale hayadai kwamba Kilwa iliuza chochote. Yanasema tumetoza, tena kwa majivuno.

Wapo watakaosema: bila wakusanyaji hawa usingekuwa na cha kuhakiki. Hoja hii ina nguvu, siikwepi. Barros na Kirk na Velten wametuhifadhia maneno. Lakini tutofautishe kunakili, kubandua na kuyeyusha. Ukinakili, mwenye mali anaweza kubaki na yake. Ukibandua, unaacha shimo. Ukiyeyusha, hakuna cha kurudisha.

Na vitu vinarudi. Maelezo ya kale ya mwambao wetu yaliyoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, Periplus, yamo katika kitabu cha mkono cha karne ya 10 huko Heidelberg. Kitabu hicho kilichukuliwa na maktaba nzima kwenda Roma mwaka 1623, Wafaransa wakakichukua kwenda Paris mwaka 1797, kikarudishwa Heidelberg mwaka 1816. Ndiyo, mwaka uleule ambao Bunge la London lilikuwa likilipia sanamu za Athens. Ndani yake mfanyabiashara anashauriwa kuchukua divai na ngano kidogo, za kuwavutia wenyeji na si za kuuza. Zawadi za Ali kwa Mrimba zina ukoo mrefu.

Ninachokitaka hakihitaji meli wala mahakama: matoleo yote matatu kwa Kiswahili, katika kitabu kimoja, kurasa zikitazamana, bei ya nguo upande huu na heshima ya ukwe upande ule. Mwanafunzi wa Kilwa Masoko akisoma historia ya kisiwa anachokiona ng'ambo ya maji, aamue mwenyewe kama Mzee Mrimba alilipwa au alitandikiwa.