Kete mbili, kichwa kipi?

Katika vijiwe vya bao vya Temeke na Kinondoni, watu hujaa mchezo ukishafika kwenye mtaji, pale kete zote zimeshuka na mkono mmoja unaweza kuzunguka ubao mpaka waangaliaji wapoteze hesabu. Hapo ndipo kelele hupanda. Lakini anayetaka kuelewa fulani alifungwaje, afike mapema, wakati wa namua, kete bado zikishushwa moja moja na kahawa ndiyo kwanza inamiminwa. Naamini michezo mingi huharibikia hapo, katika zamu mbili tatu za mwanzo ambazo wengi huzicheza huku wakiendelea kusalimiana.

Nichukue mwanzo mmoja niliouona Tandika, kati ya kijana wa bodaboda na mzee ambaye pale kijiweni wanamwita fundi.

Kwa msomaji ambaye hajakaa kwenye bao siku nyingi: mashimo ni 32, safu nne za mashimo manane, kila mchezaji na safu zake mbili na kete zake 32. Kete 10 hupangwa ubaoni: 6 ndani ya nyumba, lile shimo la mraba ambalo ni la tano kutoka kushoto kwako kwenye safu ya mbele, na mbilimbili katika mashimo mawili ya kulia kwake. Zilizobaki 22 hukaa mkononi, na kila zamu hushuka moja. Mashimo nitayahesabu kutoka kushoto kwa kijana, aliyeanza. Ya mzee nitayaita kwa namba ya shimo yanalotazamana nalo. Basi nyumba ya kijana iko namba 5, ya mzee namba 4.

Anayeanza hana cha kula, lazima atakase, yaani atawanye bila kula. Kijana aliweka kete kwenye shimo la 6, zikawa 3, akazitawanya kushoto: moja ikaingia nyumbani, moja namba 4, ya mwisho namba 3. Huo ni mwanzo mkali. Kete ya namba 4 inaitazama nyumba ya mzee yenye kete 6. Ya namba 3 inatazama shimo lake lenye 2. Mzee anaweza kuondoa tishio moja tu. Akila ya namba 3, zamu inayofuata anabomolewa nyumba. Kwa hiyo akala ya namba 4, nyumba yake ikafika 7, na ile kete moja aliyoipata akaiweka kwenye kichwa chake, shimo la mwisho la safu ya mbele, cha namba 1.

Waangaliaji hawakuijali kete hiyo. Imekaa pembeni, peke yake, haitishi kitu. Mimi naiona ndiyo kete nzuri kuliko zote alizocheza mzee jioni ile.

Kijana akashusha kete namba 3, akala zile 2. Sasa kanuni: ukila kwenye kimbi, yaani kichwa au shimo linalokifuata, unaanzia kichwa cha upande huohuo. Ukila katikati, chaguo ni lako. Kijana akaanzia kushoto. Moja namba 1, moja namba 2, zikalala. Alichokiona ni kwamba sasa ana kete upande ambao ulikuwa mtupu.

Mzee akashusha kete namba 2 kwake, akala ile moja ya kijana. Ni kimbi, kwa hiyo inaanzia kichwa cha namba 1, ambako ile kete ya pembeni ilikuwa ikisubiri. Zikawa 2, na mbele yake kichwa cha kijana kina kete. Akala tena. Ikaanzia palepale, zikawa 3, sasa mbele hakuna kitu, akazibeba: moja namba 2, moja namba 3, ya mwisho nyumbani. Nyumba ikafika 8, mbele yake patupu, na yeye ana hiari ya kuilaza, zamu iishe, au kuipeleka safari, aitawanye. Akailaza. Kijana alikuwa bado anatazama kichwa chake kilivyobaki kitupu.

Mholanzi Alexander de Voogt alichapisha mwaka 1995 utafiti mzima kuhusu mafundi wa bao wa Zanzibar na mipaka ya kile ambacho akili yao inaweza kukishika. Anayetaka kuona jambo hilo kwa macho yake akae karibu na mzee wa namna hii. Hakunyanyua hata kidole kuhesabu.

Mchezo ulipokwisha alizirudisha kete mahali pake.

“Mwanangu, zile mbili ungeanzia kulia.”

“Si zingelala vilevile, mzee?”

“Hesabu.”

Tuhesabu naye. Ya kwanza inaingia kichwa cha namba 8, ya pili namba 7, palipo na kete 2. Zinakuwa 3, mbele hakuna cha kula, zinabebwa kwenda kushoto: moja namba 6, moja nyumbani, ya mwisho inalala namba 4, uso kwa uso na nyumba ya mzee kwa mara nyingine. Na kwa kuwa kula ni lazima, mzee hana kingine cha kula isipokuwa hiyo moja. Kijana ndiye anayemchezesha.

Kete hiyo mzee ataiweka wapi? Akiianzia kichwa cha namba 1 zinakuwa 2, anazibeba, ya mwisho inalala namba 3, mbele ya kete 2 za kijana, ambaye anaila. Akiianzia namba 8, inalala mbele ya kichwa cha kijana chenye kete moja. Kijana anashusha moja hapo, anakula, zinakuwa 3, anazibeba: moja namba 7, moja namba 6, ya mwisho nyumbani, zinatimia 9, na hiari ya kulaza au kusafiri ni yake.