Kuipima Oili ya Injini

Swali ambalo wenye magari hulizusha mara kwa mara mbele ya meza ya duka la vipuri, na ambalo aghalabu muuzaji hulijibu kwa kadiri ya faida anayoitarajia, ni hili: oili ya bei kubwa, iliyotiwa katika kopo la rangi ya dhahabu na kusifiwa kwa maneno ya fahari, je, yaishinda kweli ile ya bei nafuu ambayo haikufanya zaidi ya kutimiza kiwango kilichowekwa? Jibu langu ni kwamba yaishinda, lakini mahali pachache na kwa masharti yanayojulikana. Na mnunuzi asiyeyajua masharti hayo hulipia sifa ambazo injini yake haitazihitaji maisha yake yote.

Sharti kwanza kiwango chenyewe kifahamike. Taasisi ya Petroli ya Marekani, ambayo herufi zake API huonekana nyuma ya kopo, hupanga daraja za oili za injini za petroli kwa herufi S na za dizeli kwa herufi C, na kadiri herufi inayofuata inavyosonga mbele katika alfabeti ndivyo mtihani ulivyozidi kuwa mkali. Daraja ya SN ilitoka mwaka 2010, SP ikafuata mwaka 2020, na CK-4 ya dizeli ilianza mwishoni mwa 2016. Oili haipati SP kwa kudai tu. Kuna mtihani ambao injini nzima huendeshwa kwa saa 90 huku oili ikiwa katika joto la nyuzi 150 hivi, kisha hupimwa imezidi uzito kwa kiasi gani na uchafu kiasi gani umeganda juu ya pistoni; kuna mwingine wa kuhesabu miripuko inayotangulia wakati wake katika injini ndogo zenye tabo; na mwingine tena wa kupima mnyororo wa kamshafti umerefuka kiasi gani kwa kulika. Basi asidhani mtu kwamba kiwango cha chini ni jambo duni, ikiwa ni kiwango cha zama hizi.

Nasema cha zama hizi kwa sababu hatari kubwa imejificha papo hapo. Zipo oili zenye herufi za API, lakini herufi za kale: SA, ambayo haina dawa yoyote ndani yake, na ambayo taasisi hiyohiyo hutangaza kuwa haifai kwa injini nyingi za petroli zilizoundwa baada ya 1930, au SF, ambayo haifai kwa zilizoundwa baada ya 1988. Mbele ya kopo huandikwa 20W-50 kwa tarakimu kubwa, nazo tarakimu hizo zaeleza uzito wa oili tu, wala hazisemi neno juu ya ubora wake. Anayekwenda dukani na kuagiza "ishirini hamsini" pasipo kuuliza daraja hajaagiza kitu kinachojulikana. Baina ya oili hiyo na SP ya bei nafuu pana tafauti kubwa kuliko iliyopo baina ya SP nafuu na SP ghali.

Ithibati mashuhuri katika shauri hili ilitoka New York. Jarida la Consumer Reports, katika toleo la Julai 1996, lilieleza jinsi lilivyotia injini zilizotengenezwa upya katika teksi 75, likazigawia oili za chapa mbalimbali, za kawaida na za sintetiki, likaacha kila gari liende maili 60,000, yaani karibu kilomita 96,500, kisha likazifungua injini na kupima kamshafti na beringi kwa vipimo vya hali ya juu. Halikuona tafauti ya maana baina ya chapa na chapa. Wauzaji wa oili ghali walikuwa na hoja, nayo haikuwa ya upuuzi: teksi huzunguka mchana na usiku, injini yake haipati kupoa, na kulika kwingi kwa chuma hutokea asubuhi injini inapowashwa ikiwa baridi na oili imeshuka yote chini.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2017, chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipeleka maabarani oili 5 za sintetiki na 5 za kawaida, kikapata kwamba za sintetiki zilizishinda zile nyingine kwa wastani wa karibu asilimia 47. Msomaji mwepesi ataona kwamba hukumu hii imeitangua ile ya kwanza. Haikuitangua. Huku New York kilipimwa chuma. Huku maabarani ilipimwa oili yenyewe, ustahimilivu wake katika joto, kiasi kinachovukiza, wepesi wake katika baridi kali. Oili ikiwa na ustahimilivu maradufu ya ule unaotakiwa, haifuati kwamba chuma kitalika nusu. Yafuata tu kwamba pana akiba, na akiba hiyo ina thamani kwa yule atakayeigusa.

Nani ataigusa? Si mkazi wa Mombasa wala wa Dar es Salaam kwa upande wa baridi, maana oili ya 0W husifiwa kwa kuweza kusukumwa na pampu katika nyuzi 40 chini ya sufuri, hali ambayo pwani yetu haitaijua. Ataigusa mwenye injini ya tabo, ambayo beringi zake hubaki katika moto mkali baada ya gari kuzimwa, na oili dhaifu hugeuka masizi magumu papo hapo. Ataigusa anayebeba mizigo mizito kupanda milima, na anayekawia kumwaga oili mpaka kilomita 15,000 kwa idhini ya mtengenezaji. Lakini anayemwaga kila kilomita 5,000 katika injini ya kawaida isiyo na tabo huitupa akiba hiyo shimoni pamoja na oili chafu. Na mtu huyu, nionavyo, angefanya vema kununua oili nafuu ya daraja ya sasa na filta halisi.

Kwa anayeihitaji kweli, ziko alama za kuitambua. Neno sintetiki lisimtoshe: tangu 1999, shauri la Mobil na Castrol lilipoamuliwa huko Marekani na baraza la kusuluhisha matangazo ya biashara, oili iliyotokana na petroli ghafi na kusafishwa sana kwa haidrojeni yaweza kuuzwa kwa jina hilo sawasawa na ile iliyoundwa kwa kemia tangu mwanzo. Aangalie badala yake karatasi ya vipimo ambayo kampuni zenye kujiheshimu huitoa kwa kila oili. Humo mna kipimo cha Noack: oili hutiwa katika joto la nyuzi 250 kwa saa moja, na kinachopotea hupimwa, SP huruhusu asilimia 15, na oili njema hasa hushuka chini ya 10. Aangalie pia idhini za watengenezaji wa magari, mathalan 229.5 ya Mercedes-Benz au 504 00 ya Volkswagen, ambazo ni ngumu kuliko API. Na asome kwa makini kama kopo lasema oili imeidhinishwa, au lasema tu kwamba yafaa mahali inapotakiwa idhini hiyo. Usemi wa pili ni dai la muuzaji peke yake.

Vidole na macho si mizani ya kutegemewa. Oili ya dizeli hugeuka nyeusi baada ya siku chache kwa sababu inaosha masizi, nayo hiyo ndiyo kazi yake. Rangi ya maziwa, hata hivyo, ni dalili ya maji, na harufu ya petroli juu ya kijiti cha kupimia ni dalili ya ringi zilizochoka au ya safari fupi mno. Hapo hakuna oili ya bei yoyote itakayotibu.

Mwenye bodaboda asiyafuate haya yote. Katika pikipiki nyingi klachi huogelea ndani ya oili ileile ya injini, na oili nyepesi ya gari iliyotiwa dawa za kupunguza msuguano ili kubana matumizi ya petroli, hata ikiwa ghali namna gani, yaweza kuifanya iteleze mlimani abiria akiwa nyuma. Yeye atafute kopo lenye alama ya JASO MA.