Kipimo cha Baiskeli Huanzia kwenye Pedeli

Aghalabu baiskeli mpya hutoka dukani tandiko lake likiwa limeshushwa hadi mwisho, kwa kuwa mnunuzi hufurahi akaapo juu yake na kuona nyayo zake zote mbili zimetulia chini. Lakini furaha hiyo ni ya kusimama, si ya kwenda, na hakuna anunuaye baiskeli ili asimame nayo. Kipimo cha baiskeli huanzia kwenye pedeli, wala hakianzii ardhini; na nyingi katika taabu za magoti, kiuno na viganja, ambazo wapandaji huzidhani kuwa ni ada ya chombo hiki, asili yake ni kuisahau kanuni hiyo.

Nitaieleza kazi hii kama ilivyofanywa kwa baiskeli ya mwalimu mmoja, ya umbo lile lenye magurudumu ya inchi 28 na breki za fito za chuma, ambalo watu wa Afrika Mashariki wamelizoea tangu zama za Raleigh ya Uingereza hadi Phoenix ya China. Kabla baiskeli haijaguswa, alipimwa mwenyewe: alisimama pekupeku, mgongo ukutani, akabana kitabu baina ya mapaja mpaka juu kabisa, na kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni zikapatikana sentimita 80. Mwaka 1967 wataalamu Hamley na Thomas walieleza kwamba mpandaji hufanya kazi vyema zaidi iwapo masafa ya kutoka pedeli iliyo chini hadi juu ya tandiko ni asilimia 109 ya kipimo hicho, yaani, kwa mwalimu wetu, sentimita 87. Kanuni nyingine, iliyoenezwa na Mmarekani Greg LeMond, huzidisha kipimo hicho kwa 0.883 na kuhesabu kutoka katikati ya mhimili unaozungukwa na mikono ya pedeli. Ukiongeza sentimita 17 za mkono wa pedeli, njia zote mbili hukutana kwa tofauti isiyofika sentimita moja.

Tandiko likapandishwa kwa kadiri hiyo, bila kuivuka alama iliyochorwa kwenye bomba lake, kwani bomba lililobakia fupi ndani ya fremu huweza kuvunjika au kuivunja fremu yenyewe. Mwalimu aliweka kisigino kwenye pedeli ya chini, mguu ukanyooka. Alipokanyaga kwa sehemu pana ya wayo iliyo nyuma ya vidole, goti likabaki limekunjika kidogo, na hiyo ndiyo ishara ya usahihi. Kisha tandiko likalazwa sawasawa, pedeli zikawekwa usawa mmoja, timazi ikateremshwa kutoka mbele ya goti, na tandiko likasogezwa hadi timazi ikaangukia mhimili wa pedeli ya mbele. Kwa kuwa kulisogeza tandiko nyuma hurefusha masafa ya mguu, kimo chake kilipimwa tena.

Usukani ulifuata mwisho, nao ndio uliotaka uangalifu kupita vyote. Bolti yake hulegezwa mizunguko michache tu, haing'olewi, kisha hugongwa kwa nyundo juu ya kipande cha ubao ili kabari iliyo ndani iachie. Lakini katika baiskeli za breki za fito, usukani ukipanda huuvuta pamoja nao ufito wa breki ya mbele, na mipira ikaibana rimu. Na ukishuka, breki hulegea hata isishike, jambo ambalo ni hatari mteremkoni. Kwa hiyo viungo vya fito vililegezwa kwanza, usukani ukainuliwa juu kidogo kuliko tandiko, kisha breki zikarekebishwa upya na kujaribiwa kabla ya safari.

Yaliyosalia huamuliwa na mwili. Goti likiuma kwa mbele, aghalabu tandiko li chini. Likiuma kwa nyuma, au nyonga zikiyumba, li juu mno. Na viganja vikifa ganzi, huenda tandiko limeinama mbele. Hubadilishwa jambo moja kwa wakati, nusu sentimita kwa nusu sentimita, ili sababu isipotee. Kazi yote ilihitaji spana, nyundo, uzi na subira. Na kwa kuwa hayo hayamshindi fundi yeyote, ni wajibu wa muuzaji asimkabidhi mnunuzi baiskeli kabla ya kumkalisha juu yake na kulitazama goti lake.