Sanamu Kamili, Shairi Lisilokamilika: Dionysios Solomos katika Uwanja wa Zakynthos

Katika mji wa Zakynthos, kwenye kisiwa cha Ugiriki chenye jina hilohilo, uwanja unaoikabili bandari umepewa jina la Dionysios Solomos (1798–1857), na sanamu ya mshairi huyo imesimamishwa hapo. Umuhimu wake kwa wenyeji hauna shaka. Tetemeko la ardhi la Agosti 1953 liliuangamiza mji karibu wote, na mji uliojengwa upya ulihitaji alama za kuunganisha ya jana na ya leo.

Kinachostahili kuhojiwa ni taswira ya mshairi ambayo sanamu hiyo inaijenga. Anayeonekana juu ya msingi ule ni mtunzi wa Utenzi wa Uhuru, wenye beti 158, alioutunga mwaka 1823, na ambao beti zake mbili za kwanza ni wimbo wa taifa wa Ugiriki. Mtu huyo amekwisha kukamilika.

Solomos wa miswada ni mwingine. Alisomea Italia, akaanza kutunga kwa Kiitaliano, kisha akajitaabisha kuipandisha lugha ya watu wa kawaida hadi kuwa lugha ya ushairi. Kurasa zake huchanganya lugha hizo mbili. Waliozingirwa Walio Huru, kazi yake kuu, aliiandika na kuiandika upya kwa miaka mingi, akafariki bila kuimaliza. Iakovos Polylas alipochapisha mabaki ya kazi zake mwaka 1859, sehemu kubwa ilikuwa vipande. Taswira za miswada yenyewe zilitolewa na Linos Politis mwaka 1964, zaidi ya karne moja baada ya kifo cha mshairi.

Kwa hiyo sanamu hutukuza tunda na kuificha kazi ya shamba. Mpita njia huondoka akidhani kwamba lugha ya taifa ilizaliwa ikiwa imekomaa, ilhali ushahidi wa miswada ni wa kusitasita, kufuta na kuanza tena. Mwendo mfupi kutoka uwanjani ipo makumbusho inayohifadhi mabaki ya mwili wake pamoja na ya mshairi Andreas Kalvos. Bila hatua hizo chache, heshima inayotolewa uwanjani ni nusu.

Funzo kwa watunga sera ni bayana: fungu la kusimamisha sanamu ya mshairi liandamane na fungu la kuhifadhi, kuhariri na kuchapisha miswada yake. Jiwe hulinda jina. Karatasi ndiyo inayolinda ushairi.