Sifa za Mtu wa Tano

Katika mchezo wa kompyuta wa Counter-Strike, guruneti la mwanga hununuliwa kwa dola 200 za mchezo, na likitoka mkononi hulipuka baada ya sekunde moja na nusu hivi. Ndani ya muda huo mfupi kuna kazi ya watu wawili. Mmoja yuko nyuma ya ukuta na adui hamwoni. Amelenga pembe ya paa aliyoikariri mazoezini, ili guruneti lake lipasuke juu ya kichochoro pale pale adui anapochungulia. Wa pili yuko mbele, kageuza uso ili mwanga usimpofushe na yeye, na unapopasuka tu anajitokeza na kumkuta adui hoi, haoni kitu. Watangazaji watalipaza jina la huyu wa pili. Mimi namsifu aliyerusha.

Mchezo huu ulianza mwaka 1999 kama nyongeza ya mchezo wa Half-Life, kazi ya Minh Le na Jess Cliffe, na kiini cha mashindano yake ni hiki: watano kwa watano, upande mmoja utege bomu, mwingine uzuie. Ukiuawa, unakaa nje mpaka raundi ijayo. Sheria hiyo ndiyo mama wa ufundi wote wa timu. Anayetangulia mlangoni anajua kwamba huenda asitoke, kwa hiyo ujasiri wake unategemea anayemfuata. Akianguka, mwenzake awe karibu kiasi cha kumlipizia kabla adui hajarudi kujificha. Mwenzake akizubaa, basi kifo kile kimekwenda bure.

Hapo ndipo nafasi za wachezaji zilipogawanyika. Yupo mfungua njia, anayeingia kwanza. Yupo mdunguaji, mwenye bunduki ya AWP ambayo peke yake inagharimu dola 4,750. Yupo mnyemeleaji, anayezunguka mbali na wenzake ili adui asijue pigo litatokea wapi. Yupo nahodha, anayepanga kila raundi huku naye anapigana. Na yupo msaidizi, ambaye kazi yake ni kuwawezesha hao wanne. Hurusha guruneti la moshi ili wavuke uwazi, na la mwanga ili waingie. Fedha zikipungua, hununua bunduki nzuri akamwachia mwenzake miguuni, yeye akaridhika na bastola. Kwa wanaoujua mpira, huyu ni kiungo mkabaji: siku asipokuwepo ndipo watu huona pengo lake.

Mgawanyo huu wa kazi ulipata watu wake kamili katika timu ya Astralis ya Denmark. Timu hiyo ilitwaa mashindano makubwa ya Major mara nne: Atlanta mwaka 2017, London 2018, kisha Katowice na Berlin mwaka 2019, matatu ya mwisho yakifuatana. Nahodha alikuwa Lukas Rossander, anayejulikana kama gla1ve. Mdunguaji Nicolai Reedtz, yaani device. Mfungua njia Peter Rasmussen, dupreeh. Na Emil Reif, Magisk, aliyejiunga mwanzoni mwa 2018. Wa tano ni Andreas Højsleth, Xyp9x, msaidizi wao.

Walikuwa na shabaha, lakini zipo timu nyingi zenye shabaha. Kilichowatofautisha ni jinsi walivyotumia maguruneti. Kila mchezaji hubeba yasiyozidi manne, na wao waliyapanga kwa zamu: moshi huu ukianza kutawanyika mwingine uwe unatua, guruneti la moto limtoe adui kwenye kona yake, na akikimbia akutane na guruneti la mlipuko lililokwisha kurushwa alikotarajiwa kukimbilia. Mara nyingi wapinzani walifika kwenye mapambano wakiwa tayari wamejeruhiwa, kabla hawajaona mtu. Katika ramani ya Nuke, mojawapo ya viwanja vya mchezo huu, Astralis walishinda mara 31 mfululizo kwenye mashindano ya ukumbini.

Jambo ninalolistahi zaidi kwa Xyp9x ni utulivu wake raundi inapokaribia kwisha. Msaidizi huingia nyuma ya wenzake, kwa hiyo wakianguka mara nyingi ndiye anayebaki, peke yake dhidi ya wawili au watatu, bomu likihesabu sekunde zake 40. Mtu aliyezoea kuwahudumia wengine raundi nzima anatakiwa ghafla abebe kila kitu. Højsleth alijenga jina lake hapo. Hakukimbilia kupiga risasi. Alihesabu muda, akasikiliza nyayo, akawaacha maadui wamjie mmoja mmoja. Subira ile ile iliyomfanya asubiri nafasi ya mwenzake ndiyo iliyomwokoa alipobaki bila mwenzake.

Ulimi nao ni sehemu ya ufundi. Mchezaji mzuri hutaja mahali, idadi na majeraha ya adui, kisha hunyamaza. Aliyekwisha kufa anazuia lawama zake, kwa sababu anayepambana anahitaji kusikia nyayo. Uzito wa maneno hayo ulionekana Antwerp mwaka 2022, timu ya FaZe ilipochukua Major ikiwa na wachezaji kutoka Denmark, Norway, Estonia, Latvia na Kanada. Nahodha wao, Finn Andersen, yaani karrigan, hakutegemea shabaha yake mwenyewe kuwabeba. Kazi yake ilikuwa kuzifanya akili tano zilizolelewa mbalimbali zifike mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Jedwali la matokeo huhesabu waliouawa. Haliandiki adui aliyerudi nyuma kwa kuuogopa moshi, wala mlango ambao walinzi waliuacha wazi kwa sababu moto uliwafukuza, wala bunduki iliyotolewa kwa moyo mweupe. Ndiyo maana hata kijana anayecheza mchezo mwingine wa risasi, PUBG Mobile, kwenye simu yake, Nairobi au Dar es Salaam, hukimbilia kuhesabu aliowaua, akamsahau mwenzake aliyemrushia moshi na kumwinua alipokuwa chini. Ningemwomba abadilishe swali. Mechi ikiisha asiulize tu ameua wangapi; aulize ni nani aliyeweza kufanya kazi yake kwa sababu yeye alikuwepo. Anayejibu swali hilo kwa majina ya wenzake wote, huyo amekwisha kuwa mchezaji wa timu, hata kama jina lake liko mwisho wa jedwali.